Ving'ora na Taa za Tahadhari ya Moto: Kuvibakiza, Kubadilisha Kimoja Kimoja au Kubadilisha Saketi Nzima

Swali la lini ving'ora na taa za tahadhari ya moto vibadilishwe huwafikia wasimamizi wa majengo kwa njia mbili. Ama fundi wa matengenezo ameandika kwenye ripoti yake kwamba vifaa vimechakaa, bila kueleza vimechakaa vipi, ama king'ora kimoja kimenyamaza siku ya majaribio na mwenye jengo anauliza kama atoe fedha za kifaa kimoja au za jengo zima. Majibu anayopewa kwa kawaida ni mawili: kila kinacholia kiachwe kiendelee kulia, au vyote vitolewe na kufungwa vipya. Katikati lipo jibu la tatu, la kubadilisha saketi moja kwa ukamilifu wake, yaani laini moja ya waya inayotoka kwenye paneli, kisanduku kikuu kinachouendesha mfumo, pamoja na vifaa vyote vinavyoitegemea. Jibu hilo halionekani sana kwenye makadirio ya bei, na kwa majengo mengi ndilo ninaloliona bora.

Mfano utakaotumika ni jengo la aina inayojulikana katika miji ya pwani kama Dar es Salaam, Tanga na Mombasa: ghorofa 6, maduka chini, ofisi katikati, vyumba vya wageni ghorofa mbili za juu, na jenereta nyuma ya jengo. Kwa kuwa vifaa vinavyouzwa katika masoko yetu hutoka Ulaya na Marekani kwa pamoja, viwango vya pande zote mbili vitatajwa, navyo ni BS 5839-1 cha Uingereza pamoja na mfululizo wa EN 54 wa Ulaya, na NFPA 72 cha Marekani.

Umri pekee hautoshi kuamua

Kiwango cha NFPA 72 kinataka vitambuzi vya moshi vya nyumbani vibadilishwe vinapotimiza miaka 10 tangu tarehe ya kutengenezwa. Watu wengi wameichukua kanuni hiyo na kuihamishia kwenye ving'ora na taa, lakini kwa vifaa hivyo hakuna umri uliowekwa, si katika NFPA 72 wala katika BS 5839-1. Kinachotakiwa ni kujaribiwa. Waingereza wanataka kengele ijaribiwe kila wiki kwa kubonyeza kitufe kimoja cha dharura, na fundi aukague mfumo kwa vipindi visivyozidi miezi 6, ilhali Wamarekani wanataka kila king'ora na kila taa vijaribiwe kwa kuwashwa angalau mara moja kwa mwaka.

Sababu ya kutoweka umri ni kwamba mazingira huzeesha vifaa hivi kuliko kalenda. King'ora kilichofungwa kwenye ukumbi wenye kiyoyozi mjini Dodoma na kingine cha toleo lilelile kilichofungwa kwenye ngazi ya wazi inayopigwa na upepo wa bahari havitafanana baada ya miaka michache. Ukifungua cha pili utakuta shaba imeota ukungu wa kijani pale waya unapoingia kwenye skrubu, skrubu zenyewe zimeshika kutu, na pengine sisimizi wamejenga ndani ya kasha. Kwa sababu hiyo, tarehe iliyochapwa mgongoni mwa kifaa isomwe kama ishara ya mahali pa kuanzia kukagua. Hata cheti kinachotolewa baada ya ukaguzi chini ya Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007 nchini Tanzania hakimwondolei msimamizi wajibu wa kupima, kwa kuwa mkaguzi hupita siku moja na jengo hukaliwa siku zote.

Taa ya kijani kwenye paneli inathibitisha nini

Hoja inayosikika zaidi kwa wanaotaka kuvibakiza vifaa vya zamani ni kwamba paneli haionyeshi hitilafu yoyote. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko zote, na ni vema ieleweke kwa nini.

Katika mfumo wa kawaida, paneli hupitisha mkondo mdogo wa umeme kwenye laini ya ving'ora kwa mwelekeo uliogeuzwa, hadi kwenye rezista, kijisehemu cha kupunguza mkondo, iliyofungwa mwisho wa laini. Ndani ya kila king'ora mna dayodi, kijisehemu kinachopitisha umeme upande mmoja tu, inayouzuia mkondo huo usiingie, kwa hiyo king'ora hubaki kimya. Waya ukikatika, mkondo hukoma, na paneli huwasha taa ya hitilafu. Moto ukitokea, paneli hugeuza mwelekeo wa umeme, dayodi huruhusu, na ving'ora hulia. Maana yake ni kwamba siku zote ambazo hakuna moto, paneli huchunguza waya peke yake. King'ora ambacho sehemu zake za ndani zimekufa, au ambacho mpaka rangi amekiziba kwa brashi, kinaweza kukaa kwenye laini miaka mingi huku paneli ikionyesha kijani.

Kuna jambo jingine dogo ambalo mkaguzi akilikuta linabadilisha hesabu yote. Waya unapofika kwenye kifaa hutakiwa ukatwe, ncha moja iingie kwenye skrubu yake na ncha nyingine itoke kwenye skrubu ya pili, ili kifaa kikiachia waya, laini ikatike na paneli ijue. Baadhi ya mafundi, kwa kutaka wepesi, huuvua waya ganda katikati na kuuzungusha kwenye skrubu bila kuukata. Skrubu ikilegea, king'ora hutengana na laini, lakini laini yenyewe inabaki nzima na paneli haioni chochote. Vivyo hivyo kwa tawi la pembeni lililounganishwa na laini kuu: rezista haipo kwenye tawi hilo, na tawi halilindwi. Ukifungua vifaa vitatu vya saketi moja ukakuta viwili vimefungwa hivyo, usihangaike na swali la kifaa kipi kibadilishwe, kwani kazi yote ya saketi hiyo inahitaji kurudiwa.

Mifumo inayotambua kila kifaa kwa anwani yake ina nafuu kwa sababu paneli huwasiliana na king'ora chenyewe na hugundua kikitoweka, na baadhi ya vifaa vya kisasa hujijaribu vyenyewe na kutoa taarifa kama sauti ilitoka. Nafuu hiyo ina bei yake. Vifaa vya mfumo wa aina hiyo huzungumza lugha ya mtengenezaji mmoja, na siku mtengenezaji akiacha kutoa toleo lile, mwenye jengo hana duka jingine la kwenda. King'ora cha mfumo wa kawaida cha volti 24 kinaweza kutafutwa kwa watengenezaji kadhaa, mradi paneli na kifaa vimethibitishwa kufanya kazi pamoja.

Kengele, king'ora, taa na spika havizeeki kwa namna moja

Kengele ya chuma inayogongwa na mota au koili ndiyo yenye maisha marefu kuliko vifaa vyote vya kundi hili, na ndiyo inayodhihirisha uchakavu wake waziwazi. Mlio hupungua kasi, nyundo hukwama, sahani hupata kutu, na yeyote anayesimama chini yake husikia tofauti. Upungufu wake ni kwamba haina mlio mwingine wowote, na katika shule au kiwandani hufanana na kengele ya kubadili kipindi au zamu. Kengele nzima iliyo mahali pakavu haina sababu ya kutolewa kwa umri peke yake.

King'ora cha elektroniki huzeeka kimyakimya. Ama kinalia ama hakilii, na katikati ya hali hizo mbili kuna kipindi kirefu ambacho kinalia kwa nguvu pungufu ambayo sikio la mtu aliyekizoea halitambui. Kipima sauti ndicho kinachotambua. Ikiwa vipimo vya siku ya makabidhiano vipo, fundi asimame mahali palepale na kulinganisha. Visipokuwepo, kama ilivyo katika majengo mengi, vipimo vya leo viandikwe viwe msingi wa miaka ijayo.

Taa za tahadhari zinahitaji maelezo marefu zaidi kwa sababu ndizo zinazobadilishwa kwa pupa. Zile za zamani hutumia bomba dogo la gesi ya zenoni, ambalo hupokea umeme uliokusanywa na kapasita na kuutoa kwa mmweko mmoja mkali. Kapasita hukauka na bomba hufifia, hasa penye joto la dari lisilopitisha hewa. Taa za LED hutumia umeme mchache zaidi, lakini si kila LED ni bora kuliko zenoni. Mmweko wake unaweza kurefushwa ili mwanga ule ule utoke kwa kipindi kirefu zaidi, na mmweko mrefu huwashtua kidogo watu wasioitazama taa moja kwa moja. Ndiyo maana matoleo ya karibuni ya NFPA 72 yameweka kikomo cha milisekunde 20 kwa mmweko mmoja. Anayenunua LED asome kipimo hicho kabla ya kusoma bei.

Kwa upande wa Ulaya kuna mstari mwingine wa kugawa zamani na sasa, nao ni EN 54-23, kiwango kilichoanza kulazimika mwishoni mwa mwaka 2013. Kabla yake, taa nyingi nyekundu zilizofungwa kwenye korido ziliuzwa bila kipimo cha eneo zinalohudumia. Kiwango kipya kinataka taa itoe mwanga wa lumeni 0.4 kwa kila mita ya mraba kwenye eneo lote iliyotangaziwa, na eneo hilo huandikwa kwenye kifaa: C-3-7.5, kwa mfano, ni taa ya dari iliyofungwa kimo cha mita 3 na kuhudumia duara lenye kipenyo cha mita 7.5, na W-2.4-6 ni taa ya ukutani iliyofungwa kimo cha mita 2.4 na kuhudumia chumba cha mita 6 kwa 6. Ikiwa taa ipo kwa ajili ya mtu asiyesikia, au kwa chumba cha jenereta ambamo hakuna king'ora kitakachosikika, na haina alama ya namna hiyo, ibadilishwe hata kama inamweka vizuri. Ikiwa imewekwa kama nyongeza tu mahali ambapo sauti inatosha, inaweza kusubiri.

Spika za matangazo huchakaa kama spika yoyote, kwa koni kupasuka na koili kuungua, lakini uamuzi wa kuziweka au kuziacha haupaswi kutokana na uchakavu. Unatokana na tabia ya watu. Guylène Proulx na Jonathan Sime walichunguza mazoezi ya kuwahamisha abiria katika kituo cha reli ya chini ya ardhi cha Monument mjini Newcastle, wakaona kwamba waliposikia kengele peke yake abiria walichelewa mno kuondoka, na walipoelezwa kwa spika kinachotokea na pa kuelekea waliondoka upesi. Katika jengo letu la mfano, wageni wasiojua ngazi ya dharura iko wapi wangefaidika na tangazo la Kiswahili likifuatiwa na la Kiingereza, ilhali wafanyakazi wa ofisi waliokwisha kufanya zoezi la kutoka mara kadhaa wanatosheka na king'ora.

Sauti ipimwe mtu alipo

Kabla ya kulinganisha njia za kubadilisha, lazima ijulikane kama kifaa kinashindwa kwa sababu kimechoka au kwa sababu hakikuwa na uwezo tangu mwanzo. BS 5839-1 inataka kwa ujumla desibeli 65, au desibeli 5 juu ya kelele iliyopo ikiwa kelele hiyo ni kubwa, na desibeli 75 kitandani pale watu wanapolala. NFPA 72 inataka desibeli 15 juu ya wastani wa kelele ya mahali, au 5 juu ya kelele kubwa zaidi inayodumu angalau sekunde 60, na kitandani desibeli 75 au zaidi.

Sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. King'ora cha desibeli 100 kwa mita 1 kitakuwa na 94 kwa mita 2, 88 kwa mita 4, 82 kwa mita 8 na 76 kwa mita 16, ingawa ndani ya korido kuta hurudisha sauti na upungufu huwa mdogo kidogo. Mlango wa kawaida hula takriban desibeli 20, na mlango wa kuzuia moto takriban 30. Mgeni aliyelala kwenye chumba cha mwisho wa korido, mlango wa moto ukiwa umefungwa na kiyoyozi kinanguruma, anabaki na desibeli arubaini na kitu. King'ora ni kizima kabisa, na mgeni hatakisikia. Kukibadilisha kwa kingine kipya cha aina hiyohiyo ni kupoteza fedha, kwa kuwa dawa yake ni kuweka kifaa ndani ya chumba.

Namba za kwenye katalogi nazo ziangaliwe kwa makini, kwa sababu vifaa vya Ulaya hutajwa kwa kipimo cha mita 1 na vya Marekani kwa kipimo cha futi 10, ambazo ni kama mita 3. Kifaa cha Marekani cha desibeli 90 na cha Ulaya cha desibeli 100 vinakaribia kulingana, na mnunuzi anayechagua kwa kutazama namba kubwa amedanganyika bila mtu kumdanganya.

Masafa ya sauti, yaani uzito au wembamba wa mlio unaopimwa kwa hezi, nayo yana nafasi yake. Ving'ora vingi vya Marekani hulia kwenye hezi 3,000 hivi, ilhali BS 5839-1 inapendekeza kati ya hezi 500 na 1,000. Utafiti wa Dorothy Bruck na Ian Thomas wa Chuo Kikuu cha Victoria mjini Melbourne ulionyesha kwamba mlio mzito wa hezi 520 huwaamsha watu wenye usikivu hafifu vizuri kuliko mlio mwembamba, na tangu mwaka 2014 NFPA 72 inautaka mlio huo katika mifumo mipya inayohudumia sehemu za kulala. Kwa vyumba vya wageni na mabweni ya shule, hii ni sababu ya kubadilisha ambayo haitegemei uchakavu hata kidogo.

Njia tatu, kila moja na mahali pake

Kuvibakiza vifaa kunafaa pale ambapo vipimo vya desibeli vinatosha katika kila chumba milango ikiwa imefungwa, mlio ni mmoja jengo zima, na vifaa vya aina hiyo bado vinauzwa. Ukarabati unaoruhusika ni wa nje: kusafisha, kukaza skrubu, kubadilisha kitako kilichoshika kutu, kukihamisha kifaa kilichozibwa na ukuta mpya wa jipsamu. Kukifungua king'ora na kuchomelea kapasita mpya ni kazi ambayo mafundi wetu wengi wanaiweza, tena kwa ustadi, lakini kifaa kilichofunguliwa si tena kile kilichopimwa maabara na kupewa alama ya EN 54-3, sehemu ya EN 54 inayohusu ving'ora, na hakuna atakayejua kitalia kwa muda gani. Redio inaweza kukarabatiwa hivyo. King'ora cha moto kisifanyiwe hivyo.

Kubadilisha kimoja kimoja kunafaa kwa ajali. Ngazi ya mpaka rangi imegonga taa ikapasuka, bomba limevujisha maji juu ya king'ora, mgeni mlevi amekivunja: hapo kifaa kimoja cha toleo lilelile kinatosha na sehemu nyingine ya saketi haihusiki. Matatizo huanza pale toleo hilo lisipopatikana na fundi akaleta kinachofanana nacho. King'ora kimoja kinapiga mapigo na kinachofuata kinapanda na kushuka, na aliye katikati ya viwili hivyo hajui kama ni moto, wizi au lifti imekwama. BS 5839-1 inataka mlio wa moto uwe wa namna moja jengo zima. Wamarekani nao wameainisha mpangilio mmoja wa mapigo matatu, kila pigo la nusu sekunde na katikati nusu sekunde ya ukimya, kisha ukimya wa sekunde moja na nusu kabla ya kurudia.

Kwa taa hatari ni kubwa zaidi. Taa zinazoonekana kwa pamoja hutakiwa zimweke kwa wakati mmoja, kwa sababu mimweko isiyolingana ikijumlishwa inaweza kuvuka 2 kwa sekunde na kuwadhuru wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Utaratibu wa kuzilinganisha ni wa kila mtengenezaji na mara nyingi haueleweki na vifaa vya mwingine. Taa moja ngeni katikati ya tano za zamani itamweka kivyake.

Kanuni ninayoipendekeza kwa njia hii ni kutazama sababu kabla ya idadi. Vifaa vitatu vilivyokufa kwa ajali tatu tofauti vibadilishwe vyenyewe. Viwili vilivyokufa kwa kutu ileile kwenye laini ileile vinatosha kuonyesha hali ya vilivyobaki, hata kama vilivyobaki vililia jana.

Kubadilisha saketi nzima ndiko kunakofaa pale sababu inapokuwa ya pamoja: kutu, toleo lisilouzwa tena, waya uliofungwa vibaya, mlio usiofaa kwa wanaolala, au matumizi ya ghorofa yaliyobadilika kutoka ofisi kuwa vyumba. Gharama yake huonekana kubwa kwa kuwa inalipwa mara moja, lakini sehemu kubwa ya gharama ya kazi hizi ni fundi, ngazi, kufungua dari na kuujaribu mfumo upya, na gharama hizo hurudiwa kila anapoitwa kwa kifaa kimoja. Mlio na mimweko hubaki ya aina moja kwenye ghorofa husika, laini yote hufunguliwa na kuonekana, na vifaa vizima vinavyotolewa huwa vipuri vya saketi za zamani zilizobaki. Faida hii ya mwisho hupuuzwa, nayo ndiyo inayorefusha maisha ya ghorofa nyingine ambazo toleo lake halipo tena dukani. Tahadhari ni moja, kwamba kifaa kipya kiwekwe mpangilio wa mlio unaolingana na wa ghorofa nyingine, jambo ambalo ving'ora vingi vya sasa vinaliruhusu kwa swichi ndogo zilizo ndani.

Kulibadilisha jengo zima kunabaki kwa hali chache: paneli yenyewe imefikia mwisho na vifaa vya anwani haviwezi kuzungumza na paneli nyingine, au imeamuliwa kuhamia kwenye mfumo wa matangazo ya sauti. Mkandarasi anayependekeza hivyo kwa hoja ya umri peke yake aombwe vipimo.

Volti mwishoni mwa laini

Ulinganisho wa bei hukosa jambo hili mara nyingi. Vifaa vya volti 24 vya Marekani kwa kawaida vimethibitishwa kufanya kazi kati ya volti 16 na 33, na hesabu hufanywa kwa kuchukulia kwamba betri zimeshuka hadi volti 20.4, kwa sababu moto unaweza kutokea umeme ukiwa umekatika saa nyingi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa omu 12.1 kwa kilomita. Laini ya mita 100 ina mita 200 za waya, kwenda na kurudi, yaani omu 2.42. Ving'ora na taa vikivuta ampea 1 mwishoni mwa laini, volti 2.42 hupotea njiani na kifaa cha mwisho hupata karibu volti 18, ambazo zinatosha. Vikivuta ampea 2, zinapotea volti 4.84, kifaa cha mwisho hupata 15.56, na hapo huenda kisilie wala kisimweke, ingawa mchana ule umeme ulipokuwepo kilijaribiwa kikafanya kazi.

Hesabu hii inaweza kugeuza uamuzi kwa pande zote mbili. Kubadilisha taa za zenoni kwa LED kunapunguza mzigo, na wakati mwingine nafasi inayopatikana inatosha kuongeza vifaa vyumbani bila kuvuta waya mpya. Kubadilisha ving'ora vya kawaida kwa vya hezi 520 kunaongeza mzigo sana, na anayepanga kazi hiyo bila hesabu atagundua baadaye kwamba anahitaji chanzo kingine cha umeme na waya mnene zaidi. Makadirio ya bei yasiyo na hesabu ya volti kwa kila saketi hayajakamilika, hata yakiwa ya bei nafuu kuliko yote.

Kulipangia jengo la mfano

Ghorofa mbili za wageni ndizo za kwanza, na hapo saketi zote zibadilishwe, vifaa viingie vyumbani na mlio mzito uchaguliwe. Ofisi, ikiwa vipimo vinatosha na waya umekatwa ipasavyo kwenye skrubu, zibaki na vifaa vyake na zipokee vipuri kutoka juu. Ngazi ya nje ipewe vifaa vyenye kinga ya maji, si vya aina ya ndani vilivyopakwa silikoni. Chumba cha jenereta kipate taa yenye alama ya eneo inalohudumia. Maduka, kwa kuwa wapangaji hujenga kuta mpya kila wanapobadilika, yapimwe upya kila mpangaji anapoingia badala ya kusubiri mwaka uishe.

Siku za kazi, saketi moja tu izimwe kwa wakati mmoja, na mlinzi apewe filimbi au kipaza sauti cha mkononi na azunguke ghorofa hiyo hadi laini irudishwe. Makabidhiano yafanyike kwa betri, umeme mkuu ukiwa umezimwa. BS 5839-1 inataka betri za jengo kama hili zihimili saa 24 za kusubiri na kisha nusu saa ya kulia, kwa hiyo jaribio la dakika mbili lenye umeme wa mtandao halithibitishi kitu. Fundi apite chumba kwa chumba milango ikiwa imefungwa, aandike desibeli za kila kitanda na kila meza, volti za kifaa cha mwisho cha kila laini, na tarehe iliyo mgongoni mwa kila kifaa kipya. Sehemu ya mwisho ya malipo itolewe jedwali hilo likiwa tayari limebandikwa ndani ya mlango wa paneli, pamoja na nakala nyingine kwenye faili la msimamizi.